Mafuta ya Gari la Askari

Msomaji, katika vituo vingi vya polisi vya nchi yetu kuna swali moja ambalo hutangulia swali la nani aliyeiba. Mtu aliyeibiwa huja mbio, jasho likimtiririka, akaeleza ya kuwa motokaa yake imechukuliwa, au pikipiki yake, au ng'ombe wake wa maziwa. Askari aliye zamu humsikiliza, kisha humjibu kwa upole ya kwamba gari la kituo lipo, dereva yupo, na nia ya kusaidia ipo, ila petroli haipo. Akiisha kusema hayo hunyamaza. Katika kimya hicho ndimo swali lilimo: je, wewe uliyeibiwa utatia mafuta? Insha hii imekusudiwa kulipinga swali hilo, na kumpinga kila anayelitetea, awe amevaa sare au hakuvaa.

Katika nembo ya Polisi wa Kenya yameandikwa maneno matatu: Utumishi kwa Wote. Hayakuandikwa kwa Kilatini, kama ilivyo desturi ya nembo nyingi, wala kwa Kiingereza. Yameandikwa kwa lugha ambayo muuza mboga sokoni na mchungaji malishoni wanaifahamu bila ya mfasiri. Neno la mwisho ndilo lenye uzito. "Wote" ni neno lisilo na masharti. Halina maana ya wote wenye petroli, wala wote wanaojuana na mkuu wa kituo. Mtu akiandika "wote" mlangoni, kisha akachagua ndani, maandishi yake ni ya uongo, hata yakiwa yamepakwa rangi nzuri namna gani.

Hebu tutazame asili ya jambo hili, maana lina asili. Historia inatwambia ya kuwa polisi wa nchi hii walianza Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kazi ya kulinda maghala ya Kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara katika Afrika ya Mashariki chini ya William Mackinnon. Askari wa siku zile alikuwa mlinzi wa mali ya tajiri mmoja; aliyelipa ndiye aliyelindwa, na hapana aliyeona ajabu. Jina la Polisi wa Kenya lilikuja mwaka 1920. Uhuru ukaja mwaka 1963. Mwaka 2010 tulijipatia Katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 243 kinaunda Huduma ya Taifa ya Polisi, na kifungu kinachofuata kinaiamuru huduma hiyo ijitahidi kufikia upeo wa ustadi na nidhamu, na izuie rushwa. Waandishi wa Katiba walichagua kwa makusudi neno "huduma" mahali palipokuwa na neno la nguvu. Lakini raia anapoambiwa alipie safari ya askari wanaokwenda kumtafutia mali yake, amerudishwa kwenye ghala la Kampuni. Tofauti ni moja tu: Mackinnon aliwalipa askari wake mshahara, na raia wetu analipa mara mbili, kwanza kodi, kisha petroli.

Mtu asiyejua mambo ya wizi wa motokaa huenda akasema: kwani kuna haraka gani? Siku za mwizi ni arobaini. Methali hiyo ni ya wazee wetu nami naiheshimu, lakini ilitungwa wakati mwivi alipokwenda kwa miguu na kuku kwapani. Kutoka Nairobi hadi mpaka wa Namanga ni kiasi cha kilomita 160. Dereva mwenye haraka huzimaliza kabla aliyeibiwa hajapata mtu wa kumwandikia taarifa. Motokaa isiyopelekwa mpakani hupelekwa uani. Huko hung'olewa vioo, taa, milango, na mashine, na kila kiungo hupata mwenyewe mpya. Namba ya chesisi hupigwa tupa ikafutika na nyingine ikachongwa juu yake. Namba za mbele na nyuma hubadilishwa kwa muda mfupi kuliko huu ulioutumia kusoma aya hii. Kwa hiyo saa ya kwanza ndiyo saa ya kazi yote. Katika saa hiyo askari hahitaji muujiza. Anahitaji kuandika rangi, namba, na mahali gari lilipoonekana mwisho. Kupeleka habari kwa vizuizi vya barabarani na mipakani. Na kutoka nje ya kituo. Mambo mawili ya kwanza hayahitaji hata tone moja la petroli, na mara nyingi nayo hayafanyiki mpaka la tatu lilipiwe.

Wala tusiambiwe ya kuwa vyombo havipo. Mwaka 2014 Serikali ilipatana na kampuni ya Safaricom ili ijenge mtambo wa mawasiliano ya polisi pamoja na kamera 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa. Tangu mwaka 1998 wakuu wa polisi wa nchi za upande huu wa Afrika wana chama chao cha ushirikiano, na Interpol, yenye ofisi ya kanda Nairobi, ina orodha ya motokaa zilizoibwa duniani kote. Mwaka 2019 magari ya fahari yaliyoibwa Uingereza yalikutwa katika bandari ya Mombasa, yamefichwa ndani ya kontena, yakiwa njiani kwenda Uganda. Jambo hilo lilikuwa la sifa, na sifa mwenye nayo apewe. Lakini fikiri, msomaji: gari lililoibwa ng'ambo ya bahari laweza kujulikana Mombasa, na pikipiki iliyoibwa Kayole haiwezi kufuatwa hadi Dandora kwa kuwa tangi ni kavu!

Nimetaja pikipiki kwa sababu. Tunapozungumza juu ya wizi wa vyombo vya barabarani, mawazo hukimbilia kwa tajiri na motokaa yake. Tajiri ana bima. Akipewa cheti cha polisi cha kuthibitisha wizi, hukipeleka kwa kampuni yake ya bima, akasononeka kidogo, kisha akapata nyingine. Mwenye kuumia hasa ni kijana wa bodaboda. Wengi wao hawakununua pikipiki kwa fedha taslimu. Wamekopa, nao hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Pikipiki ikiibwa, deni haliibwi nayo. Litamngoja mlangoni kila asubuhi, ilhali chombo cha kulilipia hakipo. Na wapo ambao hawakuibiwa kwa kificho: walikodiwa na abiria usiku, wakapelekwa mahali pa giza, wakapigwa, na wengine wakauawa. Kijana wa namna hiyo akifika kituoni na damu shatini, ana nini mfukoni cha kununua petroli? Alichokuwa nacho kimekwenda na pikipiki. Swali la mafuta, basi, humwumiza kwa kipimo cha umaskini wake, maana aliyepoteza kidogo kuliko wote hulipa kwa urahisi, na aliyepoteza kila kitu hurudi nyumbani bure.

Watetezi wa desturi hii wana hoja, nami sitaificha. Wanasema askari wetu ni maskini. Wanakaa katika nyumba duni, familia mbili zikitenganishwa na pazia. Mshahara haulingani na hatari. Na vituo hupewa mafuta machache yasiyotosha mwezi. Yote hayo ni kweli. Kamati ya Jaji Philip Ransley iliyaona mwaka 2009, na jopo la aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga likayaona tena na kutoa taarifa yake mwaka 2023. Mtu asiyemhurumia askari anayelala katika chumba cha bati baada ya doria ya usiku kucha hana moyo. Lakini huruma haigeuzi dhuluma ikawa haki. Mwalimu akipungukiwa na chaki hamwuzii mwanafunzi herufi. Muuguzi akikosa glavu huilalamikia Serikali, naye hufanya hivyo kwa sauti kubwa na kwa mgomo. Askari amekatazwa na sheria kugoma, nakubali, hakukatazwa kuandika. Mkuu wa kituo ambaye kila mwezi angepeleka kwa wakubwa wake hesabu ya taarifa zilizokosa kushughulikiwa kwa ukosefu wa petroli angekuwa amewasaidia askari wake na raia kwa pamoja. Lakini hesabu hiyo haiandikwi, maana upungufu wenyewe umekuwa mlango wa riziki. Tangu mwaka 2013 Serikali ilianza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua, ili yasisimame kwa ukosefu wa matengenezo. Gari likawa jipya, na ombi likabaki la zamani.

Tena tazama jinsi ombi hilo linavyojificha. Halisemi "nipe." Linasema "tusaidie." Fedha haziingii mfukoni, tunaambiwa, zinaingia katika tangi. Je, nani aliyepima tangi? Risiti iko wapi? Kituo cha petroli kikiuza lita tano hutoa karatasi. Kituo cha polisi kikipokea thamani ya lita ishirini hakitoi kitu. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtisha mkosaji kwa kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au yote mawili, wala haimwachi mtoaji akaenda zake kwa sababu alikuwa na shida. Kwa hiyo raia aliyekuja kulalamika kama mdhulumiwa aweza kutoka kituoni akiwa mshiriki wa kosa. Askari amemgeuza mlalamikaji kuwa mhalifu kabla ya kumtafuta mhalifu wa kwanza.

Madhara mengine hayaonekani kwa macho. Watu wakiisha kujifunza ya kuwa kituo ni mahali pa kulipa, huacha kwenda. Aliyeibiwa vioo vya motokaa hujisemea, heri nikanunue vingine. Wizi wake hauingii katika kitabu cha matukio, ambacho watu wote hukiita OB. Usioandikwa haukutokea. Mwisho wa mwaka vitabu huonyesha mtaa wa amani, na mtaa wa amani hauongezewi askari wala mafuta. Hivyo desturi ya kuomba petroli ndiyo inayokifanya kituo kinyimwe petroli. Ni ajabu kwamba wakubwa wenye shahada za uongozi hawakuliona duara hili, au wameliona na wakaliacha lizunguke.

Sasa nitatoa mfano mmoja ambao kwa maoni yangu unamaliza ubishi kuhusu uwezo. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo kubwa za umeme zilianguka katika njia ya kutoka Kiambere kwenda Nairobi, na nchi karibu yote ikaingia gizani. Ilisemwa ya kuwa vyuma vya nguzo hizo vilikuwa vimeng'olewa na wevi wa chuma chakavu. Serikali ilifanya nini? Mwezi ule ule Rais alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu, ndani na nje ya nchi, mpaka masharti mapya yalipowekwa baadaye katika mwaka huo. Hapana aliyesema mafuta hayapo. Hapana aliyesema wanunuzi hawajulikani. Maghala yao yalijulikana, na sheria ya chuma chakavu ilikuwapo tangu mwaka 2015. Sisifu kila kilichofanywa, maana maskini wengi wanaookota mikebe waliumia pamoja na wakosaji. Ninasema tu ya kwamba mali ilipokuwa ya Serikali, siku tisa au kumi zilitosha kulifikia soko. Pikipiki ya mjane inapoibwa, soko lile lile huwa kitendawili.

Na soko ndilo moyo wa jambo. Sheria yetu ya Adhabu inalifahamu hili kuliko wanaoitekeleza. Mwivi wa motokaa aweza kufungwa miaka 7. (Mwivi wa ng'ombe aweza kufungwa miaka 14, walioandika sheria hawakuwa na shaka kipi kina thamani zaidi.) Lakini mtu anayepokea au kushughulika na mali ya wizi hali anajua kuwa ni ya wizi, huyo naye aweza kufungwa miaka 14, mara mbili ya aliyeiba motokaa yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu mwivi haibi kioo ili akitazame. Anaiba kwa kuwa pana mtu aliyekwisha kukiagiza. Nairobi watu hufanya mzaha ya kuwa ukiibiwa kioo cha gari asubuhi, nenda Grogan adhuhuri ukakinunue. Wafanyaji biashara waaminifu katika mtaa huo ni wengi, nao hawapendi mzaha huu, wala siwalaumu. Lakini mzaha hauwezi kudumu miaka mingi kiasi hiki bila ya kuwa na mizizi. Askari wachache, wenye daftari la namba za vipuri na ruhusa ya mahakama ya kupekua, wangefanya katika siku moja ya soko kazi ambayo vizuizi vya barabarani havifanyi kwa mwezi. Safari ya kutoka kituo cha kati hadi barabara ya Kirinyaga ni ya miguu.

Na wewe msomaji, ambaye baba yako au kaka yako amewahi kurudi nyumbani akitabasamu kwa kuwa amepata taa ya gari kwa nusu ya bei, bila ya risiti, kutoka kwa mtu asiye na duka: aliyeuza alimjua aliyeiba. Aliyenunua hakutaka kujua. Sheria ina neno kwa huyo wa pili pia.

Lipo kundi jingine ambalo nalipinga kwa ukali zaidi, nalo ni la wale wasemao: maadamu polisi hawafanyi kazi, raia wajifanyie. Humkamata kijana, wakamvisha tairi, wakamwaga mafuta. Petroli iliyokosekana kituoni hupatikana mtaani upesi, na hakuna anayeulizwa risiti. Wauaji hao hujiita wananchi wenye hasira, na magazeti hulirudia jina hilo kana kwamba hasira ni cheo. Hasira yao naifahamu chanzo chake. Kitendo chao ni uuaji, na hapana kifungu cha sheria kinachokipa jina jingine. Kundi haliulizi namba ya chesisi. Haliulizi kama kijana anayesukuma pikipiki usiku ameiiba au imemharibikia njiani. Tena, hata likimpata mwivi wa kweli, limefanya nini? Limemchoma mtu pekee aliyeweza kumtaja mnunuzi. Yule mwenye ua na tupa na namba bandia hulala salama usiku huo kuliko usiku wowote, na kesho huajiri kijana mwingine.

Hayo hayo nawaambia wanaoshangilia askari wanapowaua washukiwa badala ya kuwafikisha mahakamani. Tulikuwa na kikosi maalumu cha upelelezi kilichotuhumiwa kwa mauaji na kupoteza watu, hata kikavunjwa kwa amri ya Rais mwezi wa Oktoba 2022. Maiti haitoi ushahidi, na kesi isiyofika mahakamani haimrudishii mtu motokaa yake. Mtu asiniambie ya kuwa pana njia mbili tu, ya askari anayeomba petroli na ya askari anayefyatua risasi. Njia ya tatu ni ya askari anayeandika, anayeuliza, anayefuata, na anayemfikisha mtuhumiwa mbele ya hakimu akiwa mzima. Haina tarumbeta, nayo ndiyo aliyofundishwa Kiganjo.

Nini kifanywe? Sitaki mambo makubwa. Kila kituo kitundike ukutani, mahali raia anaposimama, karatasi moja yenye hesabu ya lita za petroli zilizopokewa mwezi huo, safari zilizofanywa, na lita zilizosalia. Karatasi hiyo haina gharama, na itajulikana kwa siku moja kama mafuta hayapo kwa sababu hayakuletwa au kwa sababu yamekwenda kwingine. Yakiwa hayakuletwa, Bunge liulizwe. Yakiwa yamekwenda kwingine, mkuu wa kituo aulizwe. Raia naye asiondoke mezani bila ya namba ya OB iliyoandikwa mbele ya macho yake, yenye tarehe na saa. Kuipata si hisani, wala haina bei. Akinyimwa, ipo Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendaji wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa sababu ya malalamiko kama yake. Najua watu husema mamlaka hiyo ni ya polepole. Ni kweli. Lakini lalamiko lisilopelekwa ni la polepole zaidi.

Limebaki jambo moja, ambalo hunitia uchungu kuliko mengine, kwa kuwa hapo hata kisingizio cha petroli hakipo. Pita katika ua wa karibu kituo chochote kikubwa cha polisi. Utaona motokaa na pikipiki zimerundikana, majani yameota kati ya magurudumu, viti vimepasuka kwa jua, na kuku wanataga chini ya boneti. Baadhi ya vyombo hivyo vilihusika katika ajali, na vingine ni vya wakosaji. Lakini vimo pia vilivyoibwa na vikapatikana: kazi ilifanyika, mwivi alikamatwa, na mwenye mali anajulikana kwa jina. Gari linangoja kuonyeshwa mahakamani kama kielelezo, na kesi inaahirishwa mwaka hadi mwaka. Sheria yetu ya ushahidi inakubali picha zilizothibitishwa, na mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irudi kwa mwenyewe. Afisa anayeshughulikia kesi angelipiga picha gari hilo pande zote, na namba yake ya chesisi, akaomba amri ya hakimu, na kijana angelirudi barabarani wiki hiyo hiyo akalipe deni lake. Badala yake huja kituoni kila baada ya miezi michache, akasimama nje ya seng'enge, akaitazama pikipiki yake ikila kutu. Mara ya mwisho tairi zilikuwa mbili. Sasa imebaki moja, na iliyotoka ilitolewa ndani ya ua wa polisi.